Kwa Nini Yule Waziri Alianguka, na Mimi Pia

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikisikia finjani ikigusa sahani mgongo wangu hunyooka wenyewe. Wageni kumi na wanane kutoka Sur walikuwa wameketi kwenye sabla ya Babu, ukumbi wake wa wageni, hapa Ibra, Omani, kanzu zimepigwa pasi, vilemba vimefungwa vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina kahawa. Nikampa mkubwa wao finjani ya kwanza. Akaipokea kwa mkono wa kulia, akanitazama kwa upole, akaiweka chini kwenye mkeka bila kuionja. Wa pili naye akaweka chini. Wa tatu vivyo hivyo.

Nilijua mara moja maana yake. Babu, aliyeketi ubavuni pangu, hakujua lolote. Kosa langu lote liko hapo: mimi nilijua, na yeye hakujua.

Usinicheke, Salma, kwa kukuita mwanangu. Sina mvi, nina miaka thelathini na sita tu, na barua hii yenyewe nimeifuta mara nne kabla ya kuiacha iwe ilivyo. Lakini wewe ni binti wa kaka yangu, na wiki iliyopita ulinitumia sauti kutoka Nizwa, umejaa furaha, ukinieleza kwamba mkuu wa ofisi amekufanya katibu wake. "Ami, watu wazima wanasimama mlangoni kwangu! Hakuna karatasi inayoingia kwake bila kupita kwangu!" Kisha ukauliza, kwa kutania tu, yule waziri wa mfalme wa Kiingereza niliyekuwa nikikusimulia ulipokuwa mdogo, hasa alianguka kwa nini? Wewe ulicheka. Mimi ilibidi nikae chini.

Nikukumbushe kisa chake kwa ufupi, ingawa ufupi si kipaji changu. Alikuwa mtoto wa mhunzi. Hakuna aliyempeleka skuli kubwa. Alizunguka nchi za watu, akajifunza lugha zao na sheria, mpaka akafika kuwa mkono wa kulia wa mfalme yule aliyeoa wake sita. Barua zilipita kwake. Aliyetaka kumwona mfalme alimwona yeye kwanza. Mfalme alipofiwa na mke wa tatu, waziri akamtafutia wa nne ng'ambo ya bahari. Akapelekwa mchoraji, ikaja picha, zikaja na sifa. Mfalme akaridhika na picha. Bibi harusi akafika na msafara wake, mfalme akamwona kwa macho yake, na roho yake ikamkataa. Lakini wageni walikuwa wameshafika, mikataba imeshatiwa saini, na hapakuwa na mlango wa kurudi nyuma bila fedheha. Akaoa huku amekunja uso.

Haikupita nusu mwaka. Na hapa ndipo ninaposhtuka kila mara, hata leo, kana kwamba ndiyo kwanza nasimuliwa. Wiki chache tu kabla, mfalme alikuwa amempandisha cheo, cheo ambacho mtoto wa mhunzi asingekiota. Siku moja akaingia barazani kama kawaida, akielekea kwenye kiti chake, askari wakamkamata pale pale. Wenzake, watu waliokula naye, wakamrukia na kumvua nishani shingoni kwa mikono yao. Kutoka gerezani akaandika kumwomba mfalme rehema, akalirudia neno hilo tena na tena. Hakufikishwa hata mbele ya kadhi. Alihukumiwa kwa njia ile ile ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuwahukumia wengine. Siku aliyokatwa kichwa, mfalme alikuwa akioa mke wa tano.

Vitabu vitakupa sababu nyingi, na zote zina ukweli wake: wenye nasaba waliomdharau, ugomvi wa dini, yule bibi harusi. Ukiulizwa kwenye mtihani, andika hizo. Mimi nitakueleza ile ninayoijua kwa sababu niliionja.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilimaliza skuli bila alama za kuingilia chuo, nikawa nakaa kwa Babu, najisomesha Kiingereza kwa kamusi na vitabu vya historia alivyoniachia mwalimu mmoja aliyehama. Yule waziri nilimpenda kuliko watu wengi walio hai. Alijisomesha, na mimi najisomesha! Neno nisilolijua sikuliruka, nililiandika mara kumi. Nikikosea herufi moja nilirarua ukurasa mzima. Babu akiniona husema, kwa kile Kiswahili chake cha Unguja mjini, "We mtoto, karatasi zimekukosea nini?"

Babu yetu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Posa, ugomvi wa mipaka ya mitende, ndugu wasiosemezana, vyote viliishia kwenye mkeka wake. Ami Khalfan, mwanawe mkubwa anayefanya kazi serikalini Maskati, akamletea simu ya kisasa ili watu wamfikie. Vidole vya Babu vilikuwa vinatetemeka, masikio yamechoka. Akanikabidhi mimi. "Wewe soma, mimi niseme, wewe uandike," akasema. Basi.

Babu alikuwa mtu wa maneno machache. Akiniambia, "Mwambie sawa," mimi naandika mistari sita, nafungua kwa dua, nafunga kwa dua, katikati natia heshima za kila rangi. Watu wakaanza kusifu: Mzee Seif siku hizi anaandika kama khatibu! Nilizisikia sifa zile na sikuzirudisha kwa mwenyewe. Baada ya muda watu hawakuja tena moja kwa moja. Walinipigia mimi kwanza, wakaniuliza Babu ameamkaje, hili aambiwe lini, lile aambiwe vipi. Binamu yangu Hamdani akanipa jina.

"Mheshimiwa Waziri, mfalme ameamka?"

"Ameamka, lakini kwako wewe amelala," namjibu.

"Basi niombee miadi. Nitakuletea soda."

Tulicheka wote. Lakini nikukirie, mwanangu: mimi jina lile lilinipendeza zaidi ya mzaha. Nikiwa peke yangu nilijiita hivyo.

Alasiri moja nikamsomea Babu kisa cha waziri, nikikifasiri. Babu alisoma enzi za Mwingereza, wafalme wale aliwajua kuliko mimi. Nikamwambia kwamba waziri aliangushwa na mahasidi, kwisha. Babu akachezesha finjani yake, akafikiri.

"Mahasidi alikuwa nao siku zote," akasema. "Kwa nini wamuweze siku ile?"

Nikafungua ukurasa mwingine.

Sasa sikiliza lililotokea. Babu alikuwa na rafiki Sur, Mzee Mubarak, mtu wa ukoo wa mabaharia ambao siku hizi wana duka la nyavu na mashine za boti. Walikua pamoja mtaa mmoja Unguja, wakarudi huku kila mmoja na njia yake, na hawakupotezana. Jumatatu moja Mzee Mubarak akatuma sauti. Nikaisogeza simu kwenye sikio la Babu.

"Seif, ndugu yangu, nakuuliza sikioni. Mjukuu wangu Talib, na mjukuu wako Rayya. Ikiwa hapana, niambie hapana, haitatoka kwenye simu hii. Zikipita Ijumaa mbili bila neno lako nitajua mlango uko wazi, nitakuja na watu wangu."

Hivyo ndivyo inavyofanywa kwetu, nawe unajua. Anayetaka kuposa huuliza kwanza kimya kimya, ili akikataliwa asiaibike mtu. Akija na watu wake, ameshajua jibu. Ataweka kahawa chini, hatainywa mpaka apewe alichokijia, naye mwenye nyumba atampa, kisha watakunywa wote kwa furaha. Wageni kuondoka na kahawa yao iko mkekani ni fedheha kwa nyumba zote mbili, na watoto huisikia wakiwa wakubwa.

Na Rayya? Shangazi yako Rayya unamjua leo kuwa mkunga mkali asiyeogopa daktari. Wakati ule alikuwa na miaka ishirini, mwaka wa kwanza wa masomo yake Nizwa. Dada yake mkubwa alitolewa chuoni kwa ajili ya harusi, na Rayya alikuwa akiishi kwa hofu ya kufanyiwa vivyo hivyo. Miezi miwili kabla alikuja akapiga magoti mbele ya Babu, analia mpaka mtandio umelowa. Babu akamwambia, mimi nikisikia, "Mpaka umalize. Hilo ni neno langu, na nimelitoa."

Kwa hiyo Babu hakuhitaji kufikiri. "Mwandikie Mubarak: mtoto anasoma, nimempa neno, tusameheane."

"Hayo tu, Babu?"

"Hayo tu. Mubarak si mgeni."

Maneno matano, mwanangu, na moyo wangu haukukubali kuyatuma. Kumkatalia mtu mkubwa wa Sur kwa maneno matano! Watu si watasema Mzee Seif hana adabu? Nikaanza kuandika hapana iliyo nzuri. Ya kwanza ilikuwa kavu. Ya pili ilikuwa na dua nyingi kama ya msibani. Ya tatu nikatia beti mbili, nikaziona za kitoto. Jumatano Babu akaniuliza, "Umemwandikia Mubarak?" Nikasema, "Tayari, Babu." Nilisema tayari kwa sababu nilikuwa na hakika nitaimaliza jioni ile. Sikuimaliza. Ijumaa ya kwanza ikapita nikiwa kwenye ya saba. Nilikuwa nikitembea nayo kichwani sokoni, msikitini, Mungu anisamehe, hata kwenye sijida nilikuwa nikibadilisha neno.

Ijumaa ya pili ilipopita nilikuwa kwenye ya kumi na moja. Jumanne yake sauti ikaingia, nami nikaisikiliza peke yangu jikoni.

"Seif, nimekuelewa, na moyo wangu umefurahi. Ijumaa hii baada ya Alasiri tutafika, watu kumi na wanane."

Ningekwenda wakati ule kwa Babu, angepiga simu mwenyewe, wangecheka wazee wawili, ingekuwa imekwisha. Lakini kumwambia ukweli kulitaka nimwambie na ule uongo wa Jumatano, na hapo ndipo nilipokwama. Simu iko mkononi, mtu anasema anakuja, na mkono wangu uliozoea adabu ukaandika peke yake: "Karibuni. Nyumba ni yenu." Chini yake nikatia jina la Babu, kama ilivyo kawaida yangu.

Kisha nikaenda nikamwambia, "Babu, Mzee Mubarak anakuja Ijumaa na watu wake kukusalimia." Alifurahi mpaka akaagiza mbuzi achinjwe.

Alhamisi nikachukua gari nikaenda Sur ili nimwambie Mzee Mubarak uso kwa uso. Njia nzima nilikuwa nikiyasema maneno kwa sauti, dirisha limefungwa. Nilifika Al Kamil tu, mji wa njiani. Nikasimama kituo cha petroli, nikayaandika nyuma ya boksi la tishu ili nisiyasahau, nikayasoma, nikaona moja haliko mahali pake. Nikalifuta. Nikaona yote hayako mahali pake. Nikageuza gari.

Nakueleza haya na mashavu yananiwaka. Mtu anaona moto unaelekea nyumbani kwao, naye anasimama njiani kupanga maneno ya kuwaambia.

Ijumaa wakaja. Babu akawapokea mlangoni kwa fimbo yake, akampiga Mzee Mubarak begani, wakaulizana habari kama ilivyo desturi, na wakajibiana kama ilivyo desturi kwamba hakuna habari ila kheri. Wakala halua. Nikamimina kahawa. Na kama nilivyokwambia, zikawekwa chini moja baada ya moja.

"Kunywa, Mubarak," Babu akasema, akidhani ni mchezo wao wa zamani. "Au siku hizi mnakunywa chai ya maziwa?"

"Tutakunywa, Seif. Tupe kwanza tulichokijia."

"Mmekuja kutaka nini?"

Kijana mmoja wa Sur akacheka, akafikiri mzee anatania. Kicheko chake kikafa peke yake. Nikamwona Ami Khalfan, aliyekaa upande wa pili, anazitazama zile finjani, kisha ananitazama mimi.

"Talib na Rayya," akasema Mzee Mubarak, sauti imeshuka. "Si umetukaribisha?" Akatoa simu kifuani, akavaa miwani, akasoma mbele ya wote: "'Karibuni. Nyumba ni yenu. Seif bin Nassor.'"

Babu alinigeukia. Uso wake uliishiwa damu mbele yangu, kama mtu aliyeonyeshwa saini yake kwenye waraka asiouandika. Nilidhani ataanguka. Nikangoja aseme, "Si mimi, ni huyu." Alikuwa na haki. Sabla nzima ilingoja.

Akaitafuta fimbo yake, akainuka. Mtu wa miaka themanini na moja akavuka mkeka, akipita baina ya finjani zile, mpaka mbele ya Mzee Mubarak.

"Jina ni langu," akasema. "Kosa limetoka nyumbani kwangu. Mtoto yule nilimpa neno kabla yako, kwamba atasoma mpaka amalize. Siwezi kumvunjia. Nisamehe, ndugu yangu."

Akainama, akambusu Mzee Mubarak kichwani. Babu! Ambaye mawali, wakuu wa wilaya, na masheikh humbusu yeye! Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mzee Mubarak alimshika mabega, macho yamejaa.

"Kaa, Seif. Wallahi kaa, usinifanyie hivi." Kisha, polepole, "Hapana hii ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu siku uliyouliza."

"Basi mbona hukunipa sikioni? Nisingewaleta hawa."

"Jina ni langu," Babu akarudia. Wageni wakainuka. Talib, yule mposaji, alipita mbele yangu shingo yote nyekundu, hakumtazama mtu. Ami yake alikuwa wa mwisho kuvaa viatu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Ibra siku hizi wanaalika watu waje kutazama mkeka." Magari yakaondoka. Finjani kumi na nane zilibaki pale zimejaa, zinapoa.

Kilichofuata hakikuchukua muda wa kusoma Alhamdu. Ami Khalfan akanijia. "Lete." Sikuelewa. Akatia mkono mfukoni mwa kanzu yangu, akaivuta simu, mfuko ukachanika. Hamdani akasema, "Waziri kapinduliwa," na mtu akacheka, na hakuwa mtu mmoja. Watu wale wale! Niliowaandikia, niliowaombea, walionipigia simu kabla ya kumpigia Babu. Nikamtafuta japo mmoja wa kumwambia Babu, "Msamehe, ni mtoto." Hakutokea.

Nilikaa siku mbili chumbani nikijiuliza kwa nini hakutokea, na jibu lilipokuja lilinitisha kuliko aibu yenyewe. Kwa miaka miwili nilihakikisha kwamba hakuna anayemfikia Babu ila kupitia kwangu. Sasa nilipohitaji mtu wa kumfikia Babu kwa ajili yangu, sikuwa nimemwachia yeyote njia. Nilimkumbuka yule waziri akiandika barua zake gerezani. Nani angempelekea mfalme neno zuri, na mpeleka maneno alikuwa ni yeye mwenyewe?

Na mimi nikafanya alichofanya. Nikaandika barua ya msamaha, kurasa nne, mwandiko mzuri ajabu. Nikaipitisha kwa Bibi. Ikarudi imekunjwa vile vile.

"Hakuifungua," Bibi akasema. "Kaniuliza tu, 'Bado anaandika?'"

Nikaenda. Nilimkuta amekaa peke yake kwenye sabla, mkeka umeoshwa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

Nikasimama kama mti.

"Nilikudanganya, Babu. Nilisema nimetuma, na sikutuma. Ile karibuni niliiandika mimi."

"Mengine?"

"Hakuna mengine."

"Umeona?" akasema. "Pumzi mbili tu." Kisha akanionyesha pa kukaa, na hapakuwa ubavuni pake, palikuwa mbele yake, pale wanapokaa wenye kesi.

"Ulidhani nitakukasirikia kwa barua mbaya? Mimi nimeandika barua mbaya maisha yangu yote, na Mubarak anazo kabatini. Nimekasirika kwa sababu ulinikalisha kwenye mkeka wangu kama mgeni. Watu kumi na wanane kutoka Sur walijua lililokuja nyumbani kwangu, na mimi sijui." Akanitazama. "Yule waziri wako. Mahasidi walimngoja miaka, hawakumuweza, maana mfalme alikuwa mbele yake kama ukuta. Mkubwa huvumilia mtu aliyekosea. Lakini ukimfikisha mbele ya wageni bila mlango wa kutokea, atakapokutazama tena hatakuona wewe, ataiona aibu ile. Ukuta umeshaondoka. Mahasidi hawana kazi tena ila kuingia."

Sijui kama wanachuoni wa historia wangekubaliana naye. Mimi nilikubali, mfuko wangu ukiwa bado umechanika.

"Nenda Sur," akasema. "Usichukue karatasi."

Safari hii nilipita Al Kamil bila kusimama. Mzee Mubarak alikuwa dukani kwake, kakaa juu ya robota la nyavu. Nikamwambia: Babu alisema hapana siku ile ile, mimi ndiye niliyeificha.

"Uliifichia nini?"

"Niliogopa haitakuwa nzuri."

"Nini haitakuwa nzuri? Hapana?" Akacheka mpaka akakohoa. "Kijana, mimi nilitaka hapana, sikutaka shairi." Kicheko kikaisha. "Babu yako nilimsamehe kabla sijafika Bidiya, njiani kurudi. Wewe ngoja kwanza."

Alikuja tena, baada ya Ramadhani, peke yake, akanywa kahawa finjani tatu. Lakini wanawe hawakuja, na hawaji mpaka leo. Talib alioa kwingine. Simu ya Babu alipewa binamu mdogo aliyekuwa akijibu kila mtu "sawa mzee" na makosa ya herufi, na hakuna aliyelalamika. Babu aliishi miaka mitano baada ya hapo. Alinipenda, alinitania, alinilisha kwa mkono wake nilipougua. Ubavuni pake hakuniweka tena, na mimi sikumwomba.

Rayya alikaa mwaka mzima hanisemeshi. Aliponisemesha aliniambia sentensi moja: "Ungenitoa chuoni kwa sababu ya mwandiko." Hiyo, mwanangu, ndiyo hukumu yangu, na sina rufaa. Nilikuwa nikijidhani natafuta uzuri. Nilikuwa nikilinda sura yangu, na aliyekuwa akilipa kwa maisha yake ni msichana aliyepiga magoti mbele ya macho yangu.

Basi sikiliza nikwambie wazi, kwa sababu mimi na wewe ni damu moja na nimeziona kurasa zako, zilivyo safi kupita kiasi. Habari mbaya mpelekee mkubwa wako siku ile ile, mbichi, hata kama sentensi imepinda. Ukisema "tayari" na haiko tayari, rudi mlangoni kwake kabla hajanywa chai yake, useme "nimekosea, bado." Utatahayari dakika moja. Usitie jina lake kwenye neno ambalo mdomo wake haukulitamka, hata neno zuri, hata "karibuni." Na hao wanaosimama mlangoni kwako, mara nyingine wafungulie wapite, wamwone wenyewe, wewe ukiwa hupo. Utajihisi mdogo. Afadhali uwe mdogo na awepo mtu wa kusema neno jema juu yako siku utakapoteleza, kwa sababu utateleza, sote tunateleza.

Na ikiwa hivi sasa, kwenye droo ya meza yako, kuna barua uliyoizuia kwa sababu hujapata maneno ya kuipelekea, iache barua yangu hapa. Inuka. Ugonge mlango ukiwa bado unatetemeka.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli na mkubwa mwenye subira ya kuisikia. Akufiche na fedheha ya mbele za watu, akusamehe zile za faragha, na akizidisha cheo chako azidishe na wanaokuombea dua bila ya wewe kujua. Amina, mwanangu. Nenda.